Chamfumu na Simba Mwene: Mbwa katika Historia ya Usambara na katika Lugha ya Kiswahili

Mhadhara wa wazi wa taaluma za Kiswahili uliotolewa Irente, Lushoto

1.0 Utangulizi

Nilipoarifiwa kwamba mhadhara wa mwaka huu ungetolewa hapa Irente nilifurahi kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mtoto wa milima hii, na si mara nyingi mtu wa makamo yangu hupewa nafasi ya kusema mambo ya kitaaluma mbele ya wazee waliomjua akiwa anachunga mbuzi. Pili, mahali hapa penyewe ni sehemu ya mada yangu. Mwendo mfupi kutoka hapa tulipoketi lipo lile jabali ambalo wageni wa nchi nyingi huja kusimama juu yake. Anayesimama pale huiona Mazinde chini ya miguu yake, na nyika inayoenea upande wa magharibi mpaka macho yachoke. Hapo Mazinde palikuwa na makao ya Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai. Na aliyeishi karibu na Semboja, akayasikia masimulizi ya ukoo wake na kuyaandika kwa Kiswahili, ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mwandishi wa Habari za Wakilindi.

Mada yangu imewashangaza baadhi ya wenzangu. Mmoja wao aliniuliza, kwa upole, kama mwalimu wa isimu aliyekaribia kustaafu amekosa jambo zito la kuzungumzia hata akaamua kuzungumzia mbwa. Nilimjibu kwamba nimelikosa kweli, na kwamba ningemwomba aje asikilize. Namwona amekuja, namshukuru.

Hoja ninayokusudia kuitetea ni moja. Historia ya ufalme wa Usambara, kama ilivyoandikwa kwa Kiswahili, inaanza na mtu pamoja na mbwa wake. Lakini kumbukumbu yetu imemhifadhi mtu yule kwa jina la simba, na mbwa tumemwacha abaki tusi. Hapo pana deni ambalo halijalipwa, na lugha ndiyo daftari ambamo deni hilo linasomeka. Nitaanza na simulizi yenyewe. Kisha nitalichambua neno mbwa na upatanisho wake wa kisarufi. Kisha nitatazama suala la majina. Na mwisho nitaeleza kwa nini jambo hili linatuhusu leo.

2.0 Msasi na mbwa wake

Simulizi ya Mbegha inajulikana kwa wengi waliomo humu, lakini kwa ajili ya wageni nitaipitia kwa kifupi. Mbegha alikuwa mtu wa Nguu. Alizaliwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mwenye mkosi. Baada ya wazazi wake kufariki, ndugu zake walimnyima urithi. Akaondoka na mali aliyokuwa nayo, nayo ilikuwa mikuki yake na mbwa wake wa kuwindia. Alifika Kilindi, akapatana sana na mtoto wa mkubwa wa mahali hapo. Siku moja waliwinda pamoja, nguruwe akamuua yule kijana. Mbegha alijua kwamba hapakuwa na maneno ya kumponya mbele ya baba wa marehemu, akakimbia msituni pamoja na mbwa wake.

Ndipo akaingia katika milima ya Usambara. Watu wa Zirai waliuona moshi wa moto wake, wakaenda kumtazama. Walimkuta mtu wa peke yake mwenye nyama nyingi. Wao walikuwa na vyakula vya shambani, yeye alikuwa na nyama. Wakabadilishana, wakala, na hofu ikapungua. Nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba waliuawa. Habari zake zikaenea hadi Bumbuli, ambako alipata mke, naye huyo mke akamzalia mwana aitwaye Bughe. Hatimaye wazee wa Vugha wakamtaka aende kukaa kwao. Akiwa njiani alimuua simba usiku, na kulipopambazuka watu waliona mambo ambayo hawakuyatarajia. Wakamwita Simba Mwene. Jina hilo likawa anwani ya ufalme, na watoto na wajukuu zake, yaani Wakilindi, wakatawala milima hii mpaka utawala wa machifu ulipokomeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wanahistoria hukadiria kwamba Mbegha aliishi katika nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa, ametufundisha kuisoma simulizi hii kama hoja juu ya utawala: jinsi mtu wa porini, mwenye kubeba mkosi, anavyogeuka kuwa mwenye nchi. Sina ugomvi na usomaji huo. Ninachoomba ni kwamba tuwatazame tena wanyama waliomo katika simulizi. Wako watatu. Yupo nguruwe, aletaye msiba kule Kilindi na hasara katika mashamba ya huku. Yupo simba, aletaye jina. Na kati ya hao wawili yupo mbwa, aliyefanya kazi yote. Mtu mmoja mwenye mikuki, bila ya mbwa, hawezi kumtoa nguruwe katika kichaka cha milima hii. Ataupata usingizi kabla ya kulipata windo. Pasipo mbwa hapana nyama. Pasipo nyama hapana mabadilishano kule Zirai. Na pasipo mabadilishano hapana Bumbuli, hapana Vugha, wala hapana Wakilindi.

Abdallah bin Hemedi alilifahamu jambo hili. Yeye alikuwa Mwislamu, mtu wa malezi ya pwani, tena alikuwa akiwaandikia wasomaji ambao kwao mbwa na nguruwe si wanyama wa kutajwa kwa fahari. Angeweza kuwapitia mbwa kwa neno moja na kuendelea na mambo ya wafalme. Hakufanya hivyo. Katika kitabu chake mbwa aliyewaongoza wenzake ana jina, naye ni Chamfumu. Alice Werner aliposimulia upya habari hizi kwa Kiingereza mwaka 1933 alilichukua jina hilo hilo. Kitabu chenyewe kilichapishwa kwanza na wamisionari wa UMCA, na mwaka 1962 kikatolewa tena chini ya uhariri wa J. W. T. Allen, kisha tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1963. Kwa hiyo jina la Chamfumu halijawahi kupotea. Limekaa katika maandishi kwa zaidi ya miaka mia moja, likisubiri kutamkwa.

Mwaka jana niliwauliza wanafunzi wangu, ambao baadhi yao ni wenyeji wa Vugha na Bumbuli, kama wanamjua Simba Mwene. Wote walimjua. Nikawauliza kama wanamjua Chamfumu. Hapakuwa na aliyeinua mkono.

3.0 Neno mbwa na mzigo wake

Sasa tuligeukie neno. Mbwa ni miongoni mwa maneno ya kale kabisa ya Kibantu. Waganda husema embwa, Wanyarwanda na Washona husema imbwa, na wasemaji wa Kilingala husema mbwa kama sisi. Neno lililoenea kutoka Kongo hadi Zimbabwe kwa umbo linalokaribiana namna hii haliwezi kuwa la jana. Washambaa tuna neno letu jingine, kui, lakini hilo halibadilishi hoja: mbwa alikuwa amekwisha kaa uani kwa mzungumzaji wa Kibantu muda mrefu kabla ya Kiswahili kuitwa Kiswahili.

Neno najisi, kwa upande mwingine, ni la Kiarabu, na lilikuja pamoja na dini. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo ni kwa udongo. Basi neno la kale likabebeshwa mzigo mpya. Lugha ikahifadhi jina la mnyama, lakini taratibu likageuka kuwa jina la dharau. Kumwita mtu mbwa ni kumvunjia heshima. Kumwita kijibwa cha fulani ni kumwambia kwamba hana rai yake mwenyewe. Mbwa asiye na kwao huitwa mbwa koko. Na maandishi yanayomhusu mbwa ambayo husomwa na watu wengi zaidi katika miji yetu ni yale maneno mawili yaliyoandikwa kwenye mageti: Mbwa Mkali.

Hata hivyo, tutakosea tukidhani kwamba Uislamu wenyewe umemhukumu mbwa kwa neno moja. Waliosoma chuoni wanakumbuka kwamba Sura ya Al-Maida, katika aya ya 4, inaruhusu kuliwa mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda. Wanakumbuka pia kisa cha watu wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf. Mbwa wao amelala kizingitini amenyoosha miguu yake ya mbele, na watu wanapobishana juu ya idadi ya wale vijana, kila hesabu inayotajwa inamalizikia kwa mbwa: watatu, wa nne mbwa wao; watano, wa sita mbwa wao; saba, wa nane mbwa wao. Hakuachwa nje ya hesabu. Wafasiri wakaongeza jina, na katika mwambao wetu jina hilo linajulikana: Kitmiri. Kwa ndugu zetu Wakristo, wanaosoma Kitabu cha Tobiti wamekutana na mbwa aliyefuatana na kijana Tobia safarini.

Na methali zetu je? Hapa pana ushahidi wa kuvutia, kwa sababu methali hazisemi kwa sauti moja. Ipo ile isemayo, ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Hiyo ni sauti ya mji, ya mtu anayechunga mpaka kati ya kilicho safi na kisicho safi. Lakini ipo pia isemayo, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Hiyo ni sauti ya shamba na pori. Ndani yake mbwa na bwana wake hupimwa kwa kipimo kimoja. Sifa ya mmoja ni sifa ya mwenzake. Tena ipo isemayo, mbwa hafi maji akiona ufuko. Hapo mbwa ni mwalimu wetu wa kutokata tamaa. Neno msasi lenyewe, jina la mtendaji kutokana na kitenzi saka, linazidi kusahaulika. Vijana husema mwindaji. Lakini katika vijiji vya Unguja wasasi wapo, nao ni Waislamu. Huingia maguguni na mbwa wao kuwafukuza nguruwe na tumbili wanaoharibu mihogo na ndizi. Nyama ya nguruwe hawaili. Mavuno yao wanayaokoa. Mbwa halali chumbani, lakini hanyimwi chakula chake. Kwa hakika, wasasi hao wamepatanisha katika maisha yao mambo ambayo kamusi zetu zimeshindwa kuyapatanisha.

4.0 Ushahidi wa sarufi

Nikiwa mwanaisimu siwezi kuondoka hapa bila kuwachosha kidogo kwa sarufi. Sikilizeni sentensi hii: Mbwa zake wakali wanabweka. Kitenzi kimefuata upatanisho wa viumbe hai, wanabweka. Kivumishi kimefuata huo huo, wakali. Lakini kimilikishi kimekataa kuhama. Kimesema zake, si wake. Wapo wasemaji wanaosema mbwa wake kwa wingi pia, na hawakosei. Lakini umbo la zake ni la zamani na lingali hai.

Je, ni nomino zipi nyingine zinazoruhusu jambo hili? Tunasema ndugu zangu, rafiki zangu, dada zangu, mama zangu. Tunasema ng'ombe zangu, mbuzi zangu, mbwa zangu. Kwa maneno mengine, umbo hili la kimilikishi limesalia kwa jamaa zetu, kwa marafiki zetu, na kwa wanyama tunaoishi nao. Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba sarufi imemfanya mbwa kuwa ndugu. Katika umoja lugha inatofautisha vizuri: rafiki yangu, lakini mbwa wangu. Ninachosema ni kwamba tunapowataja kwa wingi wale wanaotuzunguka nyumbani, lugha huwakusanya wote kwa kiambishi kimoja, na mbwa yumo. Midomo yetu humtukana, ilhali sarufi yetu, ambayo haijui kusema uongo, inamhesabu miongoni mwa walio wetu.

5.0 Mbwa wenye majina

Jambo la pili ambalo isimu inaweza kulichangia ni suala la majina. Nikiwatazama mbwa mashuhuri wa historia naona kwamba kinachowatenganisha na mamilioni ya wenzao ambao hatuwakumbuki si uhodari peke yake. Ni kwamba kulikuwa na mtu aliyewataja kwa jina na mwingine aliyeliandika. Katika utenzi wa Wagiriki unaohusishwa na Homer, Odysseus anarudi kwake baada ya miaka 20 akiwa amejigeuza ombaomba. Mbwa wake mzee, Argos, aliyelala juu ya samadi, anamtambua kabla ya mkewe. Anatikisa mkia, kisha anakufa. Kule Japani, profesa wa kilimo aitwaye Ueno alikuwa akisindikizwa na kupokewa na mbwa wake katika stesheni ya Shibuya, Tokyo. Profesa alifariki ghafla mwezi Mei 1925. Mbwa huyo, Hachiko, aliendelea kwenda stesheni kumngoja kwa takriban miaka kumi, hadi alipokufa mwezi Machi 1935. Sanamu yake ilikuwa imekwisha simamishwa mwaka uliotangulia, angali hai. Mimi, kama profesa, kisa hiki hunigusa; sidhani kama kuna atakayeningoja stendi ya Lushoto muda huo wote.

Karibu na kwetu yupo Chitane, mbwa mdogo wa David Livingstone katika safari yake ya mwisho, ile iliyoanzia Unguja mwaka 1866. Mwezi Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara ulivuka maji mengi ya kinamasi. Kila mtu alishughulika na mzigo wake, na Chitane akajaribu kuogelea akazama. Livingstone aliandika habari hiyo katika shajara yake kwa masikitiko. Wapagazi wengi walikufa katika misafara ya karne ile bila majina yao kuandikwa popote. Silisemi hili ili tumchukie mbwa. Nalisema ili tuone kwamba kuandikwa jina ni heshima ambayo haigawanywi kwa haki, na kwamba mwandishi wa Kiswahili aliyeketi chini ya mlima huu, alipoliandika jina la Chamfumu, aliitoa heshima hiyo mahali ambapo wengi wangeibania.

Na mbwa wetu wa leo wanaitwaje? Katika kijiji nilichokulia walikuwapo Bobi, Jimi na Taiga, majina yaliyoletwa na walowezi wa mashamba wa zamani na kurithiwa pamoja na baridi ya milima hii. Wapo pia mbwa wa mafumbo. Nimepata kumjua mmoja aliyeitwa Hayakuhusu, na kila jioni mwenye mbwa alipoita kwa sauti kubwa, jirani wa upande wa pili alijua vizuri ni nani aliyekuwa akiambiwa. Hiyo ni kazi ile ile ya maandishi ya kanga, isipokuwa kanga hii ina miguu minne.

Lakini jina ninalolisikia kuliko yote, kuanzia hapa hadi Tanga, hadi Mwanza, hadi Mombasa, ni moja tu: Simba. Piteni njia yoyote jioni mtasikia, Simba! Simba! na mtaona anayekuja ni mbwa mwekundu mwembamba mwenye mkia uliojikunja. Tumelizoea mno jambo hili hata hatulioni. Msasi aliletwa na mbwa mpaka Vugha, akatwaa jina la simba, akamwacha mbwa nyuma. Baada ya karne mbili na nusu na zaidi, watu wa kawaida, bila kukutana wala kupiga kura, wamelichukua jina la mfalme wakampa mbwa. Hawakukusudia. Hata hivyo, mimi huona kwamba katika jina hilo lugha imeanza kulipa sehemu ya deni lake.

6.0 Deni la shambani

Naomba ruhusa niseme jambo langu binafsi, kwa sababu mada hii haikuanzia maktaba.

Babu yangu alikuwa mkulima wa mahindi na maharagwe, na alikuwa mtu wa swala tano. Alikuwa na mbwa wa rangi ya udongo aliyeitwa Simba, bila shaka. Simba hakuingia ndani. Alikuwa na bakuli lake chini ya mparachichi, na bakuli hilo halikuguswa na chombo kingine. Mahindi yalipoanza kubeba, babu alihamia shambani, akalala juu ya dungu, na Simba akalala chini ya dungu. Nguruwe walikuwa wakitoka msituni usiku. Usiku wote tulisikia sauti mbili kutoka ng'ambo ya bonde: babu akipiga debe, na Simba akibweka.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, wenzangu wa chuoni walinicheka kwamba kwetu kuna mbwa, na kwamba udhu wangu haufai. Simba alikuwa amekwisha zeeka; jicho moja lilikuwa na ukungu. Siku hiyo alinifuata njiani kama ilivyokuwa kawaida yake, na mimi, mbele ya wenzangu, niliokota jiwe nikampiga nalo. Hakulia. Alisimama, akanitazama kwa lile jicho zima, kisha akarudi nyumbani akichechemea.

Babu hakunipiga. Jioni aliniita tukaa kizingitini, akaniuliza, "Mjukuu wangu, leo umekula nini?"

Nikasema, "Ugali, babu."

"Wa mahindi ya wapi?"

"Ya shambani kwetu."

Akasema, "Basi yule ndiye aliyekulisha. Udhu utautia upya kwa maji. Hilo la leo utalitia upya kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Simba alikufa kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata. Babu alimfukia mwenyewe pembeni mwa shamba, upande ule nguruwe walikotokea. Miaka mingi baadaye, nikiwa ninafanya utafiti wa shahada ya uzamivu, nilifungua Habari za Wakilindi kwa ajili ya kutafuta mifano ya vitenzi, nikakutana na jina la Chamfumu. Niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimeelewa swali la babu, ingawa nilikuwa nimechelewa sana kulijibu.

7.0 Hitimisho

Mabibi na mabwana, pengine mtaniuliza: haya yote yana faida gani kwa watu walio hai?

Nitajibu kwa mfano mmoja. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoua karibu kila mtu ambaye dalili zake zimekwisha mjitokeza. Sehemu kubwa kabisa ya vifo vya binadamu vitokanavyo nao duniani husababishwa na kuumwa na mbwa, na wanaokufa kwa wingi ni watoto wa vijijini Afrika na Asia. Dawa ya jambo hili inajulikana. Wataalamu wanatuambia kwamba mbwa wakichanjwa kwa kiwango cha asilimia 70, ugonjwa hukatika njia. Kila mwaka tarehe 28 Septemba dunia hukumbushwa hivyo.

Siku moja nilikwenda kutazama zoezi la chanjo katika kata jirani. Kijana aliyekuwa akiandika kadi alimwuliza kila aliyefika, "Jina la mbwa?" Waliokuja na mbwa wao wamewafunga kamba walijibu upesi: Simba, Popi, Bosi. Kisha akafika mtoto akimburura mbwa kwa mkanda wa suruali. Aliulizwa jina la mbwa, akanyamaza, kisha akasema, "Mbwa tu." Yule kijana akamwambia, "Mpe jina, tuandike." Mtoto akafikiri, akalitaja jina, likaandikwa, mbwa akachomwa sindano. Niliwatazama wakiondoka. Mtoto alikuwa akiliita lile jina njia nzima, akilijaribu.

Mbwa aliye na jina ana wa kumleta kwenye chanjo. Mbwa asiye na jina ni mbwa koko, hata akiwa na bakuli lake mahali fulani, na anapopata kichaa hakuna anayemjua. Kwa hiyo tunapozungumzia namna lugha inavyomtaja mbwa tunazungumzia pia nani atapona na nani atakufa.

Nina mapendekezo matatu. La kwanza linawahusu wanafunzi. Ruth Besha alitutangulia kwa kuchapisha msamiati wa Kishambaa mwaka 1993. Kazi hiyo iendelezwe katika uwanja wa usasi. Wapo wazee katika milima hii wanaojua majina ya rangi za mbwa, miito ya kuwatuma na kuwarudisha, na istilahi za mgawanyo wa windo. Nendeni mkawasikilize mwaka huu, si mwaka ujao. La pili linatuhusu sisi watunga kamusi. Chini ya kidahizo mbwa tuweke mifano ya haki: methali ya msikiti iwepo, na methali ya msasi iwepo kando yake. La tatu linawahusu walimu wa historia. Mtakapofundisha habari za Simba Mwene, litajeni na jina la Chamfumu. Halitawachukulia hata dakika moja.

Tukitoka hapa, wenye nguvu watakwenda jabalini kutazama jua likizama. Mtakapoitazama Mazinde kumbukeni kwamba huko chini aliishi mtu wa pwani aliyesikiliza masimulizi ya watu wa milimani, na alipofika mahali ambapo angeweza kunyamaza, hakunyamaza. Nami nimekuja kulitia upya lile la siku yangu kwa chombo pekee nilicho nacho, yaani maneno. Kama yametosha au hayakutosha, babu angejua.